Dhiki Isitufungie Tawi

Barua zinazofika katika ofisi ya gazeti hili siku hizi zafanana mno. Katibu wa tawi moja atuarifu kwamba katika mkutano wa mwezi uliopita walihudhuria watu tisa, na wawili kati ya hao waliingia kukinga mvua tu. Mwingine asema mwenye nyumba anadai kodi ya miezi minne, na kwamba mabenchi ya tawi yamekwisha kuuzwa ili deni lipungue. Wa tatu hakuandika mengi. Auliza kama si vema tawi lifungwe kwa sasa, mpaka hali itakapotengemaa.

Hatuwacheki ndugu hawa, wala hatuwakaripii. Wanayoyasema twayaona kwa macho yetu. Mama anayekwenda dukani na fedha ile ile aliyokwenda nayo mwaka juzi anarudi na kikapu chepesi. Kijana aliyemaliza masomo anazunguka mji mzima na cheti mfukoni. Mvua nayo imekuwa haina adabu: ama haiji, ama huja kwa hasira. Nani amesahau Desemba ya mwaka 2023, tope la Mlima Hanang lilipowafukia watu wa Katesh majumbani mwao? Nani amesahau Aprili ya mwaka 2024, mto Rufiji ulipotanda juu ya mashamba ya mpunga na mahindi? Mtu aliyepoteza nyumba na shamba kwa usiku mmoja si haki kumwambia habari za mkutano wa tawi kabla hujamwuliza amelala wapi na watoto wamekula nini.

Lakini swali la yule katibu wa tatu lataka jibu, na jibu letu ni hili: Tawi lisifungwe. Lipungue kama halina budi kupungua. Lihame kutoka nyumba ya kupanga kwenda chini ya mwembe. Lakini lisifungwe. Sababu zetu si za kishujaa, na twaomba ndugu wasomaji watuvumilie tuzieleze polepole.

Kuna watu katika nchi hii waliowahi kufungiwa matawi kwa amri, si kwa kukosa kodi ya nyumba. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kabla ya mwaka ule kwisha, Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuizuia katika Usukuma, na kizuizi hicho kikadumu mpaka mwaka 1958. Hiyo ni miaka minne katika sehemu yenye watu wengi kuliko nyingi na yenye pamba, ambayo ilikuwa fedha kubwa ya nchi. Hapakuwa na tawi lililoruhusiwa, wala mkutano wa hadhara wa chama. Tena watumishi wa Serikali, yaani makarani na walimu na wengineo waliojua kusoma na kuandika vizuri, walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa nchi nzima. Gavana Twining alidhani kwamba chama kisichokuwa na ofisi wala karani kitakufa chenyewe.

Hakikufa. Na yafaa tutazame ni kwa nini hakikufa, maana jambo hili mara nyingi husimuliwa kwa haraka, kana kwamba watu walikaa tu wakingoja.

Mkulima wa pamba wa Usukuma wakati ule alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma mizani ni mnunuzi, aliyetaja bei ni mnunuzi, na aliyetoa fedha ni mnunuzi. Mkulima alijua anapunjwa, lakini kujua na kuthibitisha ni mambo mawili. Basi, tangu kabla TANU haijazaliwa, watu walikuwa wamefikiri jambo dogo sana: wawe na wapimaji wao wenyewe, watakaohakikisha uzito wa mzigo. Hapakuwa na hotuba kali wala bendera. Palikuwa na mtu anayejua kusoma namba, amesimama kando ya mizani, jua likimchoma. Kutokana na jambo hilo dogo kikaja chama cha wakulima wa pamba cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, Bwana Paul Bomani akiwa mbele. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation, na kufikia mwisho wa miaka ile ya hamsini biashara ya kununua pamba ya jimbo zima ilikuwa imeingia mikononi mwa ushirika wa wakulima wenyewe.

Sasa, ushirika haukuwa chama cha siasa, na hatutaki kusema kwamba ulikuwa TANU iliyovaa kanzu nyingine. Lakini fikirini, ndugu. Katika kila chama kidogo cha ushirika watu walichagua mwenyekiti na katibu. Walisikiliza kumbukumbu za mkutano uliopita. Waliweka fedha za wenzao na kuzitolea hesabu mbele ya watu waliokuwa wakali kwa hesabu. Walijifunza kubishana bila kuvunja mkutano. Kizuizi kilipoondoka mwaka 1958, chama hakikukuta watu waliolala miaka minne, kilikuta watu waliokwisha kujua kazi. Na mwaka huo huo, watu wa Geita walipotaka kulazimishwa kuwa na baraza la mseto wa rangi, walikwenda Mwanza kwa maelfu kupeleka malalamiko yao. Wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, lakini neno lao halikutawanyika, maana Serikali ililazimika kuachana na mpango ule wa kulazimisha.

Hiyo ndiyo maana yetu tunaposema kusimama imara. Watu wengi wakisikia neno hilo hudhani ni kukaza uso, kupiga kifua na kusema hatuogopi. Hayo ni rahisi, hata mwoga anayaweza mbele ya kipaza sauti. Mtu imara ni yule ambaye, njia kubwa ikizibwa, hatupi jembe. Anatafuta palipo na kazi inayowezekana leo, na anaifanya.

Tena uimara si ukaidi. Hapa twataka kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Tabora, kwa sababu twasikia katika matawi mengine sauti za watu wanaosema: kama hatupati tunachotaka chote, basi tususie chote.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora wakiwa na uchungu, na walikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Mwaka uliotangulia Bwana Nyerere alikuwa amekatazwa kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara, na matawi katika wilaya kadhaa yalikuwa yamefungwa. Mwenyewe alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa, akatoka Desemba 1957 baada ya kuona kwamba anachosema hakisikilizwi. Na sasa Serikali ilikuwa imeleta uchaguzi wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi na moja kwa Mzungu, hata kama wawili kati yao hawajui wala hawataki. Asipopiga zote tatu, kura yake haikuhesabiwa. Na si kila mtu aliruhusiwa. Mpiga kura alipaswa awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na cheo fulani. Mkulima wa kawaida na mama wa nyumbani, ambao ndio waliokijenga chama, waliachwa nje.

Nani asingesema tususie? Wengi walisema. Kilikuwa chakula kichungu, na waliokitia uchungu walijua wanachofanya: chama kikisusa, viti vitakwenda kwa UTP, kile chama kilichokuwa kipenzi cha Gavana. Bwana Nyerere aliwasihi wajumbe waingie katika uchaguzi ule ule walioulaani, na mwisho mkutano ukakubali. Uamuzi huo baadaye ukaitwa Uamuzi wa Busara, lakini siku ile haukuwa na jina zuri hivyo. Bwana Zuberi Mtemvu, ambaye alikuwa mmoja wa watendaji wa chama, alitoka akaanzisha African National Congress. Hatumtukani. Mtu anayekataa dhuluma kwa moyo wake wote si mtu wa kutukanwa. Twasema tu kwamba hasira yake ilikuwa ya haki na njia yake haikumfikisha. Uchaguzi ulifanywa kwa vipindi viwili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na wale wa rangi nyingine iliowaunga mkono wakashinda viti vyote vilivyogombaniwa. UTP haikuinuka tena.

Na katikati ya hayo kuna jambo moja ambalo sisi hupenda kulitafakari. Kati ya Julai na Agosti 1958 Bwana Nyerere alikuwa kizimbani Dar es Salaam kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU, kijigazeti kilichopigwa chapa kwa mashine ya mkono, kuhusu maofisa wawili wa wilaya. Mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. (Msomaji ataona kwamba bei ya kosa lake ilikuwa sawasawa na mapato ya mwaka ya mtu aliyehesabiwa kuwa anafaa kupiga kura.) Jela ingempa sifa kubwa. Katika nchi nyingine viongozi walikuwa wakitoka jela na kupokewa kama mashujaa. Lakini uchaguzi ulikuwa umebaki majuma machache. Faini ikalipwa, naye akarudi kazini. Hakuna nyimbo nyingi zinazoimba habari za kulipa faini, lakini hebu mpime mwenyewe, ndugu msomaji, ni nani angefaidika zaidi kwa miezi sita ya Nyerere gerezani.

Tumesema sana habari za wanaume. Bibi Titi Mohamed, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU mwaka 1955, hakuanza kwa kutafuta ofisi. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, na alikwenda kwa wanawake wenzake katika vikundi vyao vya ngoma, kwa akina mama wauza pombe na wauza maandazi, mahali walipokuwa tayari wamezoea kukusanyika, kuchangiana na kuzikana. Maelfu wakajiunga kwa muda mfupi. Akina mama wale walikuwa na dhiki kuliko wanaume wote waliokaa Tabora, na karibu wote hawakuwa na sifa za kupiga kura. Kilichowashikilia ni kwamba chama kiliingia katika mambo yao, hakikuwatoa katika mambo yao.

Hapa yafaa tukiri kosa letu. Umri wetu haujafika miaka thelathini, na tulitoka chuo cha ualimu tukiamini kwamba watu wanahitaji kufundishwa tu. Tulipotumwa mara ya kwanza kuangalia tawi la kijiji kimoja cha Kanda ya Kati, mwaka ambao mtama ulikuwa umekauka ukiwa kimo cha goti, tulisimama tukahutubia kwa saa nzima na nusu juu ya moyo wa ujasiri. Watu walisikiliza kwa adabu. Mwishoni bibi mmoja aliyekaa mbele, fimbo yake mapajani, alituuliza, “Mjukuu wangu, umekwisha?” Tukasema ndiyo, bibi. Akasema, “Haya, ahsante. Sasa yule mke wa marehemu pale, watoto wanne, hana ghala. Chama kinasemaje?”

Hatukuwa na la kusema. Katika hotuba yote hatukuwa tumeuliza jina la mtu hata mmoja.

Jioni ile mwenyekiti wa tawi, mzee asiyejua kuandika ila jina lake, alifanya mkutano wa pili bila sisi kumwomba. Akataja nyumba moja moja. Huyu ana debe mbili, anaweza kutoa pishi. Yule hana kitu lakini ana mikono, ataezeka. Yule ana punda, atakwenda kuchota maji. Katibu aliandika yote katika daftari lile lile la ada. Tulikaa pembeni tukajifunza siasa upya, na mpaka leo twaona haya kidogo tunapokumbuka urefu wa hotuba yetu.

Basi kwa ndugu makatibu waliotuandikia twasema hivi. Kama watu tisa wamehudhuria, anzeni na tisa. Msipoteze mkutano kwa kuwalaumu wasiokuja, maana waliokuja ndio watakaoyasikia matusi yao. Katika hao tisa, kila mmoja apewe nyumba tano za kutembelea kabla ya mkutano ujao, aende bila kadi na bila kitabu cha stakabadhi, aulize hali, na arudi na habari. Ada asiyoweza mtu kuilipa isigeuzwe fimbo ya kumfukuzia. Alipe senti anazoweza, au alipe kwa kulima shamba la tawi. Lakini anayeweza na halipi kwa sababu tu wengine hawalipi, huyo aambiwe kweli usoni.

Hesabu zisomwe. Hili twalisisitiza kuliko yote, hasa kwa wale waliouza mabenchi. Wakati wa neema watu husamehe daftari lenye mabaka, lakini wakati wa njaa shilingi mia moja isiyojulikana ilikokwenda yaweza kuliua tawi kuliko amri ya gavana yeyote. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu, tusidanganyane, mara nyingi ni kasha la fedha. Mabenchi yameuzwa kwa kiasi gani, kwa nani, na mwenye nyumba amepokea kiasi gani? Isomwe hadharani, hata kama wanaosikiliza ni wale wawili waliokuja kukinga mvua.

Jambo lingine ni hizi simu tunazozibeba mfukoni. Zamani uvumi ulikuwa na miguu, ulichoka njiani. Leo unalala Mbeya na kuamka Mtwara kabla ya jogoo. Kiongozi wa tawi anayeamka usiku wa manane kusoma kila neno la vitisho, kisha analipeleka kwa watu mia mbili bila kuuliza limetoka wapi, hasubuhi tena akiwa kiongozi, huamka akiwa mgonjwa na amewaambukiza wenzake. Twashauri saa moja asubuhi na saa moja jioni ziwatoshe. Kati yake shikeni jembe, chaki au mwiko. Habari inayotutisha sana ndiyo inayostahili kuulizwa mara mbili.

Na mlale, ndugu. Twajua neno hili laonekana si la gazeti la chama. Lakini tumewaona makatibu vijana, wazuri kabisa, walioibeba kazi ya watu sita kwa miaka miwili, wakala mara moja kwa siku, wakagombana na wake zao na waume zao, kisha siku moja wakaacha kila kitu na hawakurudi tena hata kusalimia. Chama kilikosa mtu, na nyumba yake ilikuwa imekwisha kumkosa zamani. Kazi igawanywe. Mtu akiugua au akifiwa, mwingine aishike kazi bila minong'ono kwamba fulani amelegea. Kuzikana, kutembelea wagonjwa, kwenda msikitini au kanisani, kucheza bao na wazee, hayo si kuiba wakati wa chama.

Kwa wakubwa wetu tuna neno fupi. Mwananchi hawezi kuambiwa afunge mkanda na mtu ambaye mkanda wake umeongezwa tundu kwa kunenepa. Mkija kutembelea matawi mwaka huu, njooni mkae siku mbili, mle wanachokula wenyeji, na msilete msafara ambao mafuta yake yangelipa ile kodi ya miezi minne. Twasema kwa heshima, na twajua wapo watakaokasirika.

Mwaka ule wa 1961, tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, ukame ulikuwa umeleta njaa katika wilaya nyingi, na watu walipandisha bendera wakiwa na mahindi ya msaada tumboni. Hatujapata kusikia mzee yeyote akisema kwamba ingefaa kungoja mpaka mavuno yawe mazuri.

Katibu aliyetuuliza kama afunge tawi tumemjibu kwa barua, nasi twamwomba ruhusa ya kulichapa swali lake bila jina lake. Tumemweleza kwamba mwezi ujao tutafika kwake wenyewe. Asikodi viti, asipike pilau, asiite watu wa ngoma. Atuwekee daftari la tawi mezani, na atuonyeshe njia ya kwenda kwenye nyumba tano za kwanza.

Matawi mengine yenye shida ya kodi za nyumba yatuletee hesabu zake kabla ya mwisho wa mwezi huu, yakitaja deni lote, fedha iliyopo, na jina la mtu aliye tayari kutoa kivuli cha mti wake kwa mikutano.